Swali la Mtoto na Jibu la Mwalimu: Lugha ya Kuelezea Ugonjwa Darasani

Mtoto wa miaka 5 au 6 amkosapo mwenzake darasani, huuliza swali ambalo kwa maneno ni moja, lakini kwa maana ni matatu. "Mwalimu, kwa nini Asha haji?" Mwalimu akijibu kwamba Asha ni mgonjwa, hilo halimtoshi. Ataka kujua ugonjwa umempataje Asha. Ataka kujua kwa nini umempata Asha, usimpate mwingine. Na swali la tatu, ambalo aghalabu halitamki, ni kama yeye mwenyewe atapatwa pia. Mwalimu mwenye watoto 60 mbele yake hana nafasi ya kuyapambanua hayo yote. Hujibu kwa sentensi moja, kisha akaendelea na hesabu. Sentensi hiyo moja ndiyo yenye kustahili kuangaliwa, kwa maana mtoto huenda nayo nyumbani, na siku Asha arudipo, humpima kwayo.

Juu ya mawazo ya watoto kuhusu ugonjwa yameandikwa mengi. Juu ya majibu ya walimu yameandikwa machache, na juu ya lugha ya majibu hayo ni machache zaidi. Upungufu huu si mdogo. Wataalamu wamelipima neno la mtoto kana kwamba limechipuka lenyewe kichwani mwake, wakasahau kwamba alilisikia kwanza kwa mkubwa. Likitazamwa kwa upande wa lugha, jambo ambalo vitabu vya elimu-nafsi huliita fikira ya kitoto huonekana mara nyingi kuwa ni sarufi ya mwalimu.

Chanzo cha mjadala huu ni kitabu cha Jean Piaget juu ya hukumu za maadili kwa mtoto, kilichotoka mwaka 1932. Piaget aliwasimulia watoto wa Uswisi hadithi ya mtoto aliyeiba matofaa, akakimbia, akapita juu ya daraja bovu, ubao ukavunjika, akaanguka majini. Kisha watoto wakaulizwa: kama asingaliiba, je, angalianguka? Wengi katika wale wadogo walisema asingalianguka. Kwa kadiri ya umri kuongezeka, jibu hilo likapungua. Piaget akaona kwamba kwa mtoto mdogo adhabu imo ndani ya vitu vyenyewe, hata ubao wa daraja hujua kuadhibu. Yafaa kukumbuka kwamba hadithi hiyo haikuhusu ugonjwa. Waliomfuata ndio walioihamisha. Mwaka 1980 Kister na Patterson walichunguza kama watoto huuona ugonjwa kuwa malipo ya kosa. Na mwaka huo huo Bibace na Walsh waliyapanga mawazo ya watoto juu ya ugonjwa katika ngazi, kuanzia jambo lionekanalo kwa macho tu, kupitia kukaribiana na mgonjwa na kuingiwa na uchafu, hata kufikia viungo vya ndani ya mwili. Ngazi hizo zina faida yake. Lakini mwalimu azishikaye kupita kiasi hufika mahali pabaya: hudhani kwamba mtoto mdogo hawezi kufahamu sababu, kwa hiyo huona hapana haja ya kumweleza, ila kumkataza tu.

Onyo lilitolewa mwaka 1988 na Michael Siegal, aliyefanya kazi Australia. Yeye hakuwataka watoto wazue sababu wenyewe. Aliwasikilizisha maelezo yaliyokwisha kusemwa na wengine, wakaamua lipi ni sahihi na lipi si sahihi. Hapo hata watoto wadogo wasiojaanza shule ya msingi walikataa kwamba mafua huletwa na utundu, wakakubali kwamba mtu huyapata kwa kuwa karibu na aliye nayo. Siegal aliuona ufunguo wa jambo hili katika desturi za mazungumzo: mtoto aulizwapo na mkubwa jambo lile lile mara mbili tatu, hudhani jibu lake la kwanza halikupendeza, naye hulitafuta lile adhanilo kwamba mkubwa alitaka kulisikia. Hoja hii ni ya thamani kubwa, ila yaishia nusu ya njia. Ikiwa mtoto hulenga jibu apendalo mkubwa, basi hapana budi kuuliza mkubwa huyo amezoea kusema nini.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa shahidi mwema. Lugha hii ina njia nyingi za kusema kwamba mtu ni mgonjwa, na kila njia humweka mgonjwa mahali tofauti. "Asha anaugua" ni sentensi isiyo na mtendaji mwingine: Asha yupo na ugonjwa wake. "Asha anaumwa" ni kauli ya kutendwa, lakini aumaye hatajwi. "Asha ameshikwa na homa" yamtaja mtendaji, nayo ni homa yenyewe. "Amepata homa" yatumia kitenzi kile kile cha kupata mali na kupata kazi, ambapo "amepatwa na homa" humwonyesha kuwa mtu aliyefikiwa na jambo asilolitafuta. Akisema mwalimu "ameambukizwa," darasa zima huuliza mara moja, "Na nani?" Na akisema "amejitakia mwenyewe," hakuna tena la kuuliza. Kutoka ugua mpaka jitakia, lawama imepanda daraja kwa daraja: kwanza haipo, kisha ni ya ugonjwa, kisha ni ya jirani, na mwisho ni ya mgonjwa. Mwalimu ateuaye kitenzi amekwisha kutoa hukumu, hata kama nia yake ilikuwa kutoa habari tu.

Tena jambo hili haliishii katika vitenzi. Mafundisho ya afya yasemwayo kwa watoto hupenda sana sentensi za sharti: "Usiponawa mikono utaugua", "Ukioga mtoni utapata kichocho", "Ukila matunda machafu utaharisha." Makusudi ya sentensi hizi ni mema, na maonyo yenyewe ni ya kweli kwa kiasi chake. Lakini umbo la -ki- na -sipo- pamoja na -ta- halisemi "huenda" wala "mara nyingine". Husema kwamba jambo la kwanza likiwapo, la pili litafuata. Mtoto huigeuza sentensi hiyo, akaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo: Asha anaharisha, kumbe Asha hakunawa. Tena umbo hilo ndilo lile lile la tishio la kila siku: "Usiponyamaza utapigwa." Masikioni mwa mtoto, kiboko na kichocho vimefuata njia moja. Basi mtoto huyo akiulizwa baadaye na mchunguzi kwa nini watu huugua, akajibu kwamba ni kwa sababu ya kutosikia la mkubwa, ataandikwa kuwa yu katika ngazi ya chini ya akili. Kwa haki angeandikwa kuwa mwanafunzi msikivu, aliyelishika somo kama lilivyosemwa.

Kichocho ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu. Sentensi "ukioga mtoni utapata kichocho" ina watu wawili tu, mtoto na mto. Imeacha nje konokono wa majini, ambaye bila yeye ugonjwa huu hauenei. Imeacha nje haja za binadamu zinazoingia majini zikiwa na mayai ya minyoo. Imeacha nje viluwiluwi vidogo vinavyotoka katika konokono na kupenya ngozi. Mtoto aishiye kando ya Ziwa Victoria, ambaye hutumwa maji kila jioni, hana maji mengine ya kuchagua. Kwake sentensi ile si onyo, ni hukumu juu ya kazi aliyotumwa na mama yake. Mwalimu akiyataja yale yaliyoachwa, hahitaji maneno magumu: ndani ya maji hukaa konokono, kutoka kwa konokono hutoka vidudu visivyoonekana kwa macho, vidudu hivyo hupenya ngozi ya mtu yeyote, mwema au mtundu. Jibu hili ni refu kwa sentensi mbili tu, na mtoto hupata kwalo mambo mawili: sababu ya kujikinga, na sababu ya kutomcheka mwenzake.

Neno "vidudu" nalo lataka uangalifu. Katika hospitali nyingi za Tanzania mgonjwa aliyepimwa damu amezoea kuambiwa kwamba ana "wadudu wawili" au "wadudu watatu wa malaria." Mtu mzima hulichukua neno hilo kama kipimo, mtoto huwaona wadudu watatu wenye miguu wakitembea tumboni. Mwingereza hana la kumcheka, kwa maana naye katika maneno ya nyumbani husema kwamba ameingiwa na mdudu. Waandishi wa vitabu wamejaribu maneno mengine, na kila neno lina fikira yake: "vijidudu" hupunguza ukubwa na kuacha uhai, "viini" huchukua mfano wa kiini cha yai na cha mbegu, "vimelea," kutokana na kumelea, husema wazi kwamba hiki huishi juu ya kingine, "virusi" ni mgeni aliyevaa kanzu ya ngeli ya ki-vi. Hata upatanisho wa sarufi bado huyumba, mmoja akiandika "vijidudu vinaingia" na mwingine "vijidudu wanaingia," na kuyumba huko si uzembe. Ni swali la kweli lililobaki wazi: je, vitu hivi ni viumbe wenye nia, au ni vitu tu? Mtoto asikiaye "wanatushambulia" hupewa adui mwenye kusudi. Asikiaye "vimelea huishi na kuongezeka ndani ya damu" hupewa kiumbe kitafutacho riziki yake, kisichomjua Asha wala kumchukia.

Kwamba neno moja laweza kuwa na uzito wa uhai na kifo si jambo la kubuni. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Bagamoyo, ukachapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba degedege, yaani homa yenye mtukutiko kwa mtoto, ilihesabiwa na wazazi wengi kuwa ugonjwa mbali na malaria, na kwa hiyo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Neno lenyewe lina ndege ndani yake, na itikadi ya ndege ampitiaye mtoto ni ya zamani katika pwani. Kwa upande wa utabibu, mtukutiko huo mara nyingi ni malaria iliyokwisha kuwa kali. Mwalimu aulizwaye na mtoto, "Mdogo wangu alipitiwa na dege?" ana majibu mawili mepesi na yote mawili ni mabaya. Akisema "ndiyo," hospitali imesahauliwa. Akisema "huo ni ujinga," amemtukana bibi yake mtoto, na mtoto atamchagua bibi. Jibu lililo bora hulishika neno na kulipeleka mbele: ugonjwa ambao bibi huuita degedege, daktari naye aujua, na dawa yake iko hospitali, nayo yataka kuwahiwa.

Kifafa chatoa mfano wa pili. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwe aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa kule Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi walivyotengwa na wenzao, wakalishwa peke yao, kwa hofu ya kwamba mate yao yangeambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Lakini mtoto aangukapo darasani, na mwalimu akapaza sauti, "Msimguse!" swali la tatu la watoto, lile lisilotamkwa, limekwisha kujibiwa, tena limejibiwa vibaya. Katika lugha hakuna kosa lolote. Kitenzi ni sahihi na amri ni fasaha. Kosa ni kwamba jibu limekuja kabla ya maelezo, na maelezo hayatafika tena.

Yafaa sasa kutazama kwingine, ili isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Waswahili peke yao. Katika shule za Japani, kila asubuhi mwalimu huita majina, na mtoto huitika kwamba ni mzima au hutaja kinachomsumbua. Neno watumialo kwa uzima, genki, na neno la ugonjwa, byoki, yote mawili yana ki ndani yake, yaani ile nguvu ya uhai. Na mafua, kaze, huandikwa kwa alama mbili zenye maana ya upepo na uovu. Kayoko Inagaki na Giyoo Hatano, katika kitabu chao cha mwaka 2002, walionyesha kwamba watoto wadogo wa Japani hueleza kazi za mwili kwa kutaja nguvu ya uhai ipatikanayo katika chakula na hewa. Waliona humo elimu ya viumbe iliyo changa, wala si upuuzi. Mwalimu ambaye lugha yake humwambia mtoto kwamba mgonjwa amepungukiwa nguvu, naye huirudisha kwa kula na kupumzika, hajaeleza virusi. Lakini hajamlaumu mtu. Wala isisahauliwe kwamba neno "malaria" kwa asili ni la Kiitalia lenye maana ya hewa mbaya. Kila lugha imebeba utabibu wa mababu zake, na hakuna dhambi katika kuubeba, maadamu mwalimu ajua kilichomo ndani ya mzigo.

Kazi yenye kuleta mwanga zaidi kwa walimu ni ile ya Terry Au na wenzake kule Hong Kong, iliyochapishwa mwaka 2008. Walilinganisha masomo ya aina mbili juu ya mafua kwa watoto wa shule za msingi: moja la kuorodhesha ya kufanywa na yasiyofanywa, na jingine la kueleza virusi ni nini, huongezeka wapi, huingiaje mwilini na huangamizwaje. Waliofundishwa kwa njia ya pili walieleza na kuamua vizuri zaidi. Jambo hili lingeweza kutabiriwa na mwanasarufi. Orodha ya makatazo ni sentensi za sharti zilizopangwa mstari. Maelezo ya namna kitu kitendavyo ni sentensi za hu-, ambazo hueleza desturi ya viumbe bila kumnyoshea mtu kidole. "Mbu huuma usiku" haina mkosaji ndani yake.

Hata hivyo, kueleza namna hakumalizi swali. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Waazande, alionyesha kwamba watu hao walijua vema kuwa mchwa ndio walioila miguu ya ghala hata likaanguka. Walichouliza ni kwa nini lilianguka saa ile, juu ya watu wale. Swali la pili la mtoto, "kwa nini Asha?" ni la ukoo huo. Cristine Legare na Susan Gelman walipowahoji watu 366 katika jamii mbili za wasemaji wa Kisotho huko Afrika Kusini, kuanzia watoto wa miaka 5 hata watu wazima, waliona kwamba maelezo ya kitabibu yalikubaliwa sana na watu wa kila umri, na ya uchawi yalikubaliwa pia. Tena yale ya uchawi yalikuwa na nguvu zaidi kwa watu wazima. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2008, yaivunja ile ngazi: maelezo ya pili hayakuwa mabaki ya utoto yaliyongoja kufutwa na shule. Ni jibu la swali jingine, ambalo utabibu hauliulizi.

Mwalimu wa chuo cha Kurani katika pwani amelijua hilo siku zote. Aulizwapo na mtoto, husema kwamba maradhi na shifa vyote hutoka kwa Mungu, na kwamba hakuna maradhi yasiyowekewa dawa. Likisikilizwa vema, jibu hilo halimzuii mtu kwenda hospitali; lamhimiza aitafute dawa. Ubaya huingia pale tu jibu la swali moja litumikapo kulifunga jingine: pale "ni kazi ya Mungu" isemwapo ili mtoto asiulize juu ya maji machafu, au "ni vijidudu tu" isemwapo kwa mtoto aliyefiwa na mama yake, ambaye hakuuliza habari za vijidudu.

Mtihani mkubwa kuliko yote katika mambo haya ulikuja na ukimwi. Neno lenyewe, lililoundwa kwa vipande vya maneno ya upungufu wa kinga mwilini, halina lawama ndani yake. Lakini maonyo yaliyoandamana nalo yalikuwa na lawama nyingi, na darasani walikuwamo watoto waliozaliwa na virusi hivyo. Kwa mtoto wa namna hiyo sentensi ya sharti haina mahali pa kusimama, kwa maana hakuna "ungali-" inayomhusu. Mwaka 2002 katika Afrika Kusini, kipindi cha watoto cha Takalani Sesame kilimleta mwanasesere aitwaye Kami, yatima wa miaka 5 mwenye virusi, akicheza na wenzake. Uzuri wa jambo hilo, kwa upande wa lugha, ni kwamba mgonjwa alipewa nafsi ya kwanza. Aliweza kusema "mimi," ambapo katika masomo mengi ya afya mgonjwa ni "yeye" wa mwisho wa sentensi, aliyewekwa hapo ili wengine waogope.

Makosa yaliyoonyeshwa hapa hayasahihishwi kwa kuongeza istilahi, ingawa istilahi zahitajiwa. Yasahihishwa kwa mwalimu kujua kwamba swali ni matatu, na kuyapa yote matatu haki yake kwa kadiri ya nafasi: ugonjwa huja kwa njia hii, haukuja kwa sababu Asha ni mbaya, na wewe waweza kujikinga hivi, na ukiugua utauguzwa. Neno hili la mwisho lina somo lake. Katika Kiswahili kauli ya kutendesha mara nyingi humtaja aliyesababisha: aliyeangusha, aliyeumiza. Kwa mfano huo, kuuguza kungetazamiwa kuwa ni kumtia mtu ugonjwa, na muuguzi kuwa ndiye mkosaji anayetafutwa na maswali yote ya darasani. Lakini matumizi ya wenye lugha hayakwenda huko. Kuuguza ni kumtunza mgonjwa, na muuguzi ni yule aketiye kando ya kitanda. Darasa ambalo, baada ya swali na jibu, hufundishwa kumtumia Asha salamu ya "ugua pole," limejibiwa vema, na Asha arudipo atapata mahali pake pa kuketi.